Ukitaka kunasa kaboni kwa haidreti, anza na nitrojeni

Wadogo zangu wa Kigoma na Tabora mnaosoma uhandisi kemia, kabla hamjaandika pendekezo la utafiti wa kunasa kabonidayoksaidi kwa haidreti, shikeni kalamu kwanza mpige hesabu ya nitrojeni.

Haidreti inafanana na barafu, ila molekuli za maji zimejipanga kuwa vizimba vinavyofungia gesi ndani. Kwenye nyuzi 0 hivi, kabonidayoksaidi huingia kizimbani kwa presha ya bar kama 12 au 13 (bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka). Nitrojeni inadai zaidi ya 150. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wote wa njia hii. Shida ni kwamba moshi wa mtambo wa makaa ya mawe una kabonidayoksaidi asilimia 12 hadi 15 tu, na kilichobaki kwa sehemu kubwa ni nitrojeni. Kwa maji matupu utaugandamiza moshi wote hadi karibu bar 80, na umeme unaulipia hata kwa gesi usiyoitaka.

Ndiyo maana watu hutia kimiminika kiitwacho tetrahaidrofurani, kwa kifupi THF. Kiasi kidogo tu, na presha inashuka chini ya bar 10. Lakini THF nayo inakaa vizimbani, tena inachukua vile vikubwa na kuiachia kabonidayoksaidi vile vidogo. Kwa hiyo ukisoma makala inayojisifia presha ndogo, tafuta imenasa gesi kiasi gani kwa kila lita ya maji. Mara nyingi jibu limefichwa kwenye jedwali la mwisho.

Chuo kisicho na chombo cha presha kisikukatishe tamaa. Changanya THF asilimia 19 kwa uzito na maji, weka chupa kwenye ndoo ya maji yenye barafu, koroga. Haidreti yake hutulia hadi nyuzi 4.4 bila presha yoyote, kwa hiyo fuwele zinajitokeza mahali ambapo maji ya kawaida hayagandi. Zinaweza kuchelewa sana. Kwaruza ukuta wa chupa kwa kijiti cha kioo. Usitumie friji ya nyumbani: THF inashika moto upesi, na cheche ya swichi inatosha.

Ukishapata chombo cha presha, usiiamini geji peke yake. Presha itaanza kushuka polepole, nawe utashangilia, kumbe gesi inayeyuka tu majini. Tazama kipimajoto. Haidreti ikianza kuumbika hutoa joto, na namba inaruka ghafla huku presha ikiporomoka. Hapo ndipo uandike saa.

Swali la Kigoma halikosi: kwa nini tusiteremshe bomba Ziwa Tanganyika? Kina kinapita mita 1,400, presha ipo tele. Joto ndilo linalokataa. Maji ya chini kule yana nyuzi 23 hivi, na haidreti ya kabonidayoksaidi kwa presha hiyo huvunjika ikipita kidogo tu nyuzi 10. Kwetu ubaridi ni wa kununua, na gharama yake iingie kwenye hesabu tangu ukurasa wa kwanza.

Wa Tabora wanaowaza kunasa moshi wa mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa kuni, anzeni na mtungi wa gesi iliyochanganywa tayari. Moshi wa kuni una masizi, lami na mvuke. Uingizeni baadaye, ukishachujwa na kupozwa.