Maswali ya Wasomaji: Je, Ziwa Kivu Limeishiwa na Planktoni?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Bukavu. Mwezi wa pili wanafunzi wangu walichota maji ya ziwa kwa chupa, kando ya gati, saa sita mchana, wakayatazama kwa hadubini wasione karibu chochote. Je, planktoni, yaani mwani na wanyama wadogo wanaoelea majini, zimekwisha?
Mwalimu, Ibanda

JIBU: Hazijakwisha, Mwalimu. Kopepodi, wale wanyama wadogo wanaoliwa na samaki wadogo waitwao sambaza, hushuka mchana kwenye maji yenye giza na kupanda usiku, hivyo chupa iliyojazwa juujuu saa sita haiwezi kuwapata wengi. Hao hutafutwa mbali na ufuko, kwa wavu laini wenye matundu ya mikroni 60 hivi, unaoteremshwa kutoka mtumbwini na kuvutwa polepole. Kuuteremsha kupita meta 70 ni kujichosha bure, kwa sababu maji ya Kivu yaliyo chini ya hapo hayana oksijeni, ijapokuwa ziwa lina kina cha meta 485.

Mwani mdogo hupenya wavu huo. Kwa mwani, chupa yenu inafaa, mradi mtie matone ya iodini hadi maji yafanane na chai nyepesi, myaache yatulie siku nzima, kisha mchunguze mashapo.

Msimu nao una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, upepo wa kiangazi hupoza maji ya juu na kuyachanganya na yale ya chini yenye rutuba, ndipo diatomu, aina ya mwani mdogo, huongezeka. Sampuli ya mwezi wa pili pekee, hata ikichukuliwa kwa ustadi, haielezi mwaka. Basi rudieni kila mwezi, mkipima pia halijoto na uangavu wa maji. Kifuniko cha ndoo kilichopakwa rangi nyeupe, chenye jiwe na kamba ya vipimo, kinatosha kupima uangavu: andikeni kina ambapo jicho halikioni tena kifuniko.

Msishangae orodha za zamani zikimtaja Daphnia curvirostris, mnyama mwingine mdogo wa planktoni, nanyi msimwone: alitoweka baada ya sambaza kuletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Kwa kutambua spishi, waulizeni watafiti wa haidrobiolojia (elimu ya viumbe wa majini) wa ISP Bukavu, chuo cha ualimu, na kila chupa mtakayowapelekea iandikwe mahali, kina, tarehe na saa.