Mkanda wa kijani umekatika, mzigo tani 3 tu

SWALI: Shikamoo mzee. Mi nipo saiti moja huku Mtwara tunasimamisha ghala la korosho, kazi yangu kufunga mizigo kwenye winchi, cheti sina nimefundishwa hapohapo na wenzangu. Wiki iliyopita tulinyanyua bando la bimu za chuma, karatasi yake inasema tani 3. Tukachukua mikanda miwili ile ya kijani, lebo tani 2 kila mmoja, mi nikapiga hesabu mbili na mbili nne si tuko salama. Tukakaba huku na huku, yaani mkanda unazungushwa kwenye bando halafu unapitishwa kwenye kitanzi chake wenyewe, kati ya mkanda na mkanda kama mita 7, urefu wa mkanda kutoka kwenye bando mpaka kwenye ndoano kama mita 4 hivi. Bando limepita usawa wa kichwa mkanda mmoja ukakatika, paa! Mungu mkubwa hakuna aliyeumia. Fomeni anasema mkanda ulikuwa feki. Ni kweli? (Kijana wa Chikongola, Mtwara)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana aisee. Feki inawezekana, zipo, ila mimi nisingeanzia hapo, maana hata mkanda orijino mngeutesa vilevile.

Ile tani 2 kwenye lebo ni ya mkanda mmoja umening'inia wima umenyooka. Ukishakaba inashuka, unabaki na kama asilimia 80 yake, yaani tani 1.6. Hapo hata winchi haijavuta. Halafu njoo kwenye pembe, na hapa ndo vijana wengi mnapotea. Nenda nyumbani chukua ndoo ya maji ya lita 20, pitisha kamba kwenye mkono wa ndoo, shika ncha moja na mwenzio ashike nyingine. Mkisimama mmebanana mnainyanyua bila shida. Sasa rudini nyuma kila mtu hatua mbili tatu huku ndoo ipo juu, muone mikono inavyovutwa, na mkijaribu kuinyoosha kamba iwe kama ya kuanikia nguo hamuwezi hata mkiwa mabaunsa. Maji hayajaongezeka hapo, kamba ndo imelala.

Mzigo wako wa tani 3, mikanda ikisimama nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja unabeba kama tani 1.7. Kwenye nyuzi 45 ni tani 2.1. Ikilala mpaka nyuzi 30, kila mmoja unabeba tani 3 nzima, kama vile mwenzie hayupo. Na nyie kwa vipimo ulivyonipa, mita 7 chini na mita 4 za mkanda, mlikuwa chini kidogo ya hizo 30. Kwa hiyo mkanda wa kukaba wenye uwezo wa tani 1.6 umebebeshwa tani 3 na kidogo. Saiti huna haja ya kupima nyuzi, angalia tu umbali wa kufunga usizidi urefu wa mkanda kutoka kwenye mzigo mpaka ndoano. Vikilingana uko kwenye 60. Ukiona umbali umezidi tafuta mikanda mirefu, na kama winchi haina urefu wa kutosha juu basi hiyo winchi sio ya kazi hiyo, mwambieni bosi.

Ila sijamaliza. Mikanda iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya, hiyo yenye rangi zambarau tani 1, kijani 2, njano 3, kijivu 4, nyekundu 5, inatakiwa ihimili mara 7 ya lebo kabla ya kukatika. Wa kwako tani 14! Sasa tani 3 imeukataje? Mi nashuku kona ya bimu. Chuma ina ncha kali, mkanda ukivutwa kwa nguvu juu ya kona bila kitu katikati ni sawa na kamba ya nailoni juu ya panga. Kitafuteni kile kipande, msikitupe, mkiangalie. Kama pamekatika pamenyooka kama kwa kisu basi ni kona, kama nyuzi zimechanika zimetoka manyoya marefu ni uzito, kama rangi imepauka na ukiukunja unakuwa mgumu mgumu basi jua la huku limeshaumaliza siku nyingi. Inaweza ikawa yote matatu. Siku nyingine wekeni kinga nzito kwenye kila kona, hata mpira wa tairi kuukuu mnene, na sio kipande cha gunia kama nilivyowahi kuona mwenyewe. Na mkanda usiosomeka lebo kateni vipande kabisa, ukiuacha stoo kesho kuna mtu atauchukua.

Cheti nacho kitafute. Na hiyo winchi mwulize fomeni ripoti yake ya ukaguzi iko wapi, OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wapo kwa ajili hiyo, sheria ya usalama mahali pa kazi ipo toka 2003. Kuuliza sio ukorofi.

SWALI: Mzee habari za kazi. Mi ni mama lishe napeleka chai na vitumbua saiti moja hapa Mitwero, Lindi. Njia ya kwenda walipo mafundi inapita chini ya winchi, mwenye winchi ananiambia pita tu mama yangu mi nakuona. Nipite?

JIBU: Usipite mama. Yeye anakuona wewe, lakini mkanda hauoni, soma hapo juu yaliyomkuta kijana wa Chikongola. Pale mzigo unapozunguka panatakiwa pazungushiwe utepe, asipite mtu, hata mwenye saiti. Na upepo wa kusi ukivuma huko pwani bati au mbao zinayumba mbali kuliko unavyodhani, kwa hiyo usihesabu pale chini kwenyewe tu. Weka deli lako nje ya geti, wakiona njaa watateremka kuvifuata.