Chumvi na maji ya moto
Hapana mkuu, si kweli kwamba maji ya moto huyeyusha chumvi nyingi sana kuliko ya baridi. Kwa chumvi ya mezani, gramu 100 za maji ya nyuzi 20 huyeyusha takriban gramu 36. Ukiyachemsha hadi nyuzi 100 unafika kama 39 tu. Moto unaharakisha kuyeyuka, lakini kiwango cha mwisho kinabaki karibu palepale.

Sababu ni kwamba chumvi ni ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na kloridi zilizoshikana. Molekuli za maji huzizunguka, upande wa oksijeni ukielekea sodiamu na wa hidrojeni ukielekea kloridi, zikazing'oa moja moja. Nishati ya kuzitenganisha inakaribia kulingana na ile inayopatikana maji yanapozishika, kwa hiyo joto halibadilishi mengi. Ndiyo maana pale Uvinza, Kigoma, chumvi hupatikana kwa kuyaondoa maji yenyewe; kuyapoza tu kusingetoa kitu cha maana.

Sukari ni habari nyingine: takriban gramu 200 kwenye nyuzi 20, na zaidi ya 480 maji yakichemka. Ila usifanye kanuni ya jumla, maana chokaa huyeyuka kwa kiasi pungufu maji yakiwa moto kuliko yakiwa baridi.