Muulize Bibi: Mbona wasichana hawamo kwenye orodha?

SWALI: Shikamoo Bibi. Naandaa tasnifu ya uzamili kuhusu wasichana waliotoka kwenye vikundi vyenye silaha. Takwimu za Sierra Leone zinaonyesha watoto karibu 7,000 walipita kwenye mpango wa kupokonya silaha baada ya vita, na wasichana hawafiki hata mmoja katika kila kumi. Msimamizi wangu anasema basi wasichana walikuwa wachache. Nimjibuje? Na nikiwapata wa kuwahoji, nianzie wapi?
Mwanafunzi

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjibu kwa adabu, ila usimkubalie. Orodha ile imeandika waliopita mlangoni, haikuandika waliokuwa porini na waasi.

Mlango wenyewe ulikuwaje? Wengi walitakiwa kufika na bunduki, na wapo waliopimwa kwa kufungua AK-47 na kuifunga tena. Sasa msichana aliyetekwa, akakabidhiwa kamanda awe "mke" wake, akapika, akabeba risasi, akapeleleza na mtoto mgongoni, aje na bunduki ipi? Hata waliokuwa nazo, baadhi walinyang'anywa na makamanda wao, zikapewa watu wengine. Wengine waliogopa kupigwa picha na kupewa kitambulisho. Nani atake kurudi kwao na karatasi inayothibitisha kwamba alikuwa na waasi? Wakajiendea nyumbani kimyakimya.

Kanuni za Paris za 2007, yaani miongozo ya kimataifa kuhusu watoto waliotumiwa na vikundi vyenye silaha, zinamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 aliyetumiwa na kundi, awe mpishi, mpagazi, mjumbe au aliyetumiwa kwa ngono. Silaha si sharti. Mpelekee msimamizi wako azisome.

Kuhusu wasichana hao kurudi kwao, mimi ningekushauri utazame ardhi kabla ya kitu kingine. Kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi, mtoto hupata shamba kupitia ukoo wa baba yake. Mama aliyetoroka kwa waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, na mtoto wa kiume aliyezaliwa huko huenda akapata msamaha wa serikali chini ya sheria ya mwaka 2000, akapokelewa kwa kukanyaga yai, mila ya kumtakasa anayerudi, wazee wakafurahi. Mtoto akikua kwa kina mama yake bila ukoo wa baba, wajomba wanauliza: huyu atalima wapi? Hapo ndipo masimango yanapoanza, miaka mingi baada ya mashirika kufunga ofisi zao.

Upo utafiti wa 2006 hadi 2009 uliofanyika Liberia, Sierra Leone na kaskazini mwa Uganda, ukiwa na kina mama vijana zaidi ya 600, wengi wao wakiwa wametoka vitani. Wenyewe ndio walioamua kichunguzwe nini na kifanyike nini. Wengi walichagua biashara ndogo za vikundi, wakati wageni wangedhani watataka ushauri nasaha tu. Mbinu hiyo naipenda kuliko hojaji ya kurasa ishirini.

Ukikaa na msichana unayemhoji, usianze na ya porini. Muulize ya leo: anaishi na nani, watoto wanaitwaje na wenzao, nani anamsalimia kisimani. Ya nyuma atayasema akitaka. Usiende na mwenyekiti wa kijiji akuonyeshe nyumba zao. Wapo ambao mume hajui chochote. Kubadilisha jina pekee hakutoshi, kwa sababu mwaka wa kutekwa na jina la kamanda vikikaa ukurasa mmoja, jirani atamjua. Na orodha ya majina halisi usitembee nayo kwenye mkoba mmoja na mahojiano.