Maziwa yanakatika kwenye chai ya tangawizi? Anza na maji

Pole ndugu yangu. Umesema kila ukipika chai ya tangawizi maziwa yanakatika, na umeshabadilisha maziwa mara tatu bila nafuu. Maziwa yako hayana kosa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na hufanya kazi sana maziwa yakiwa ya moto lakini hayajachemka. Ukitia vyote sufuriani pamoja tangu mwanzo, unakipa nafasi.

Dawa yake ni moto. Chukua kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, kitwange (kutwanga hutoa ukali kuliko kukatakata), kisha kichemshe kwenye vikombe 2 vya maji kwa dakika 10 hivi, maji yakitokota kweli kweli. Kimeng'enya kinaishiwa nguvu hapo. Ndipo utie majani ya chai, halafu kikombe 1 cha maziwa ambayo tayari umeyachemsha pembeni. Chai ikipanda mara moja, epua, maana majani yakichemka mno huleta uchungu. Sukari tia mwisho.

Tangawizi changa mimi siimenyi, naiosha tu vizuri. Ukitumia ya unga, anza na nusu kijiko cha chai, kwani iliyokaushwa huwa kali zaidi.

Nakuomba pia: kama nyumbani kuna anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amuulize daktari wake kabla ya kunywa chai kali ya tangawizi kila siku.