Re: Watirol wana hasira au ndiyo sauti yao?

Habari ndugu, pole na ugeni. Unasema Kijerumani ulisomea Dar, ukafaulu vizuri, lakini tangu ufike Innsbruck, huko Tirol nchini Austria, wenzako kazini wanasikika kama wanakwaruza koo, hujui kama ni hasira.

Si hasira. Kwanza kabisa sikiliza k zao. Mtirol akisema "Kopf", k inatoka na mkwaruzo nyuma yake, kama imebebana na kh ya mzee wa pwani anayekuamkia "sabalkheri". Bibi mwenye nyumba wangu aliponikaribisha "Kaffee" siku ya kwanza, nilidhani ananifukuza! Ukivuka kwenda Zürich, Uswisi, k ya mwanzo inageuka kh kabisa: "Kind" inakuwa "Chind". Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, nako irabu zinapitia puani, hebu sikiliza "Hand" yao.

Kijerumani cha darasani kiko karibu zaidi na cha kaskazini mwa Ujerumani, ambako "beachten" inakatwa kidogo katikati, be kisha achten. Waswisi wanaiunganisha moja kwa moja.

Mimi nilimrekodi bibi, kwa ruhusa yake, dakika 5 kila jioni, nikawa nafuatilia k tu. Wiki ya tatu sikio likafunguka. Wa Sachsen, mashariki mwa Ujerumani, sijakaa nao, namwachia mwingine.