Parsele ya lava: panga kuku kwanza, mboga baadaye

Parsele yetu, yaani kiwanja chetu cha nyumba, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, imekaa juu ya lava iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo Januari 2002. Ukipiga jembe linalia kama limegonga chuma, na mvua hata inyeshe usiku kucha, asubuhi maji yote yameshapotelea kwenye matundu ya mawe. Mara mbili nilinunua udongo kwa watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, nikautandaza, nikapanda lenga-lenga, yaani mchicha, kisha nikatafuta kona ya kubana kuku. Mara zote mbili bustani ilikufa. Udongo ulishuka kati ya mawe, na kuku wakachimbua kilichobaki.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: ukiwa na kiwanja cha namna hii, tafuta kwanza mahali pa kuku. Udongo wako utatoka kwao.

Permakalcha, ule mpangilio wa kilimo ulioanzishwa Australia miaka ya 1970 na Bill Mollison na David Holmgren, inataka kila kitu kikae pale kinapoweza kusaidia kingine. Mji wetu unateremka kutoka Nyiragongo kwenda Ziwa Kivu, na parsele nyingi zina mteremko hata kama jicho halioni. Subiri mvua kubwa, vaa buti, utoke nje uangalie maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Banda likae upande wa juu, mbali na pipa la maji ya kunywa, lakini karibu na njia ya jikoni. Vitanda vya mboga vikae chini yake. Mbolea ni nzito. Ukiwa unaiteremsha hutachoka, na utaitumia kweli.

Vitanda nimevijengea kingo za mawe yaleyale ya lava, yamepangwa bila simenti, hadi magotini. Chini kabisa nimeweka mabua ya mahindi na majani ya migomba kwa wingi ili udongo usizame tena.

Ndani ya banda usiweke simenti. Mimi nachukua maranda kwa maseremala, namwaga mpaka yafike kina cha kiganja, na kila siku naongeza maganda ya ndizi, magugu na majani makavu. Kuku wanayageuza wenyewe kutwa nzima. Harufu ikianza kuchoma macho, ujue kuna unyevu mwingi: ongeza maranda makavu, fungua hewa ipite.

Hapa nilikosea vibaya. Mara ya kwanza nilipokusanya mbolea hiyo niliimwaga moja kwa moja kwenye lenga-lenga changa. Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa za kahawia, zimejikunja, kana kwamba moto umepita. Nikamwita mama jirani, ambaye amelima Masisi tangu utotoni. Hakuangalia hata mboga. Alikwenda kwenye rundo lililobaki, akalifukua katikati, akaniambia, "Mwanangu, leta mkono." Nikauingiza. Sikuhesabu hata hadi tano, nikautoa. "Ingali moto. Iache ilale."

Sasa inalala miezi mitatu, imefunikwa, na naigeuza kila baada ya wiki mbili. Nachanganya na majani ya alizeti mwitu, yale maua ya manjano yanayoota kando ya barabara. Yanaoza haraka na yanalisha udongo vizuri sana. Ikiwa tayari inakuwa nyeusi, baridi, na inanuka kama msitu baada ya mvua.

Uwanja wa kuku nimeugawa mara mbili kwa uzio wa matete. Wakiwa upande mmoja, upande wa pili unapumzika kisha unapandwa. Lenga-lenga tunaipika, haina tatizo kubwa. Ila nyanya, au chochote kinacholiwa kibichi, nasubiri miezi minne tangu kuku watoke. Watoto wanakula nyanya wakiwa bado wamesimama shambani, na kinyesi cha kuku hubeba magonjwa.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kigumu. Tunapojaza bidoni za maji kwa shida, siwezi kumwagilia kila mahali. Naacha vitanda viwili tu vikiwa na mboga, vingine navifunika kwa majani makavu na kuvisubirisha mvua ya Septemba.

Jambo la mwisho, na nakuomba usilichelewe: kideri, ugonjwa wa kuku unaoitwa pia Newcastle. Nilipoteza kuku saba kwa wiki moja, shingo zimepinda, mavi ya kijani, na hakuna dawa ya kuwatibu. Chanjo ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu au minne, na hupewa kuku wazima tu. Ukiwasubiri waanze kusinzia umechelewa. Chanjo huuzwa kwa chupa ya kuku wengi, na ikishafunguliwa haiwekwi. Sisi nyumba nne za barabara yetu tunachanga, tunachagua jioni moja, na tunapita banda kwa banda na tochi kuku wakiwa wamelala.